Picha isiyosahau asili yake: GIMP 3.0 na wajibu wetu wa kusema ukweli



Tarehe 16 Machi 2025 lilitoka toleo la 3.0 la GIMP, programu huria ya kuhariri picha ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua na kuitumia bila kulipa hata senti moja. Habari ya namna hii huonekana kuwa ya mafundi wa kompyuta peke yao. Sisi tunaosoma falsafa hatuoni hivyo. Picha imekuwa lugha ya Kanisa letu la kila siku: upadrisho, kipaimara, jubilei, mazishi, maendeleo ya ujenzi wa parokia, yote huwafikia waamini kwanza kama picha kwenye simu, na maelezo hufuata baadaye kama yatafuata. Chombo kinachobadilisha picha ni chombo kinachobadilisha kauli, na penye kauli pana ukweli au uongo.

Hoja yetu ni hii. Kati ya mambo yote mapya ya GIMP 3.0, kubwa kuliko yote ni kwamba marekebisho mengi sasa yanakaa kando ya picha, badala ya kuandikwa juu yake na kuifuta. Hilo ni somo la maadili lililovaa nguo za ufundi. Linakuja wakati ambapo zana nyingine, zinazosifiwa zaidi, zinatuzoesha kufuta na kubuni kwa kugusa kioo cha simu mara moja.

Programu yenyewe na mambo yake mapya

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na vijana wawili, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani. Tangu hapo imeendelezwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2004, na la 2.10 mwezi Aprili 2018. Kwa hiyo watumiaji wamesubiri karibu miaka saba kutoka toleo hilo kubwa hadi hili la 3.0.

Mambo mapya ni mengi, na baadhi tunayataja kwa kifupi. Muonekano wa programu sasa unakaa vizuri kwenye skrini za kisasa zenye pikseli nyingi. Unaweza kuchagua matabaka kadhaa kwa pamoja na kuyasogeza kwa mara moja. Tabaka linaweza kujitanua lenyewe pale brashi inapovuka ukingo wake. Maandishi yanaweza kuwekewa mstari wa pembeni na bado yakaendelea kuwa maandishi ya kuhaririwa. Mafaili ya Photoshop yanafunguka vizuri zaidi kuliko zamani, na namna ya kushughulikia rangi kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji imeboreshwa. Anayetengeneza bango la jubilei ya miaka 25 ya upadre, au kadi ya Komunio ya Kwanza, ataona nafuu tangu siku ya kwanza.

Lakini jambo lililotufanya tushike kalamu ni vichujio.

Zamani na sasa

Tuchukue picha iliyopigwa ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu. Nyuso za waamini ni giza, kwa hiyo mhariri anaongeza mwanga. Picha ya kidijiti ni mkusanyiko wa nukta ndogo zinazoitwa pikseli, na kila pikseli ni namba. Katika picha ya kawaida ya JPEG, kila rangi ya pikseli hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Kuongeza mwanga ni kuzipandisha namba hizo.

Sasa angalia alba ya padre, ambayo tayari ilikuwa nyeupe. Pikseli moja ilikuwa na 240, ya jirani yake 250, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotuonyesha mkunjo wa kitambaa. Mwanga ukipandishwa kupita kiasi, zote mbili zinagota kwenye 255. Mkunjo umetoweka, na alba imekuwa weupe mtupu. Ukipunguza mwanga kesho, mkunjo haurudi, kwa sababu namba mbili zilizokuwa tofauti zimeshakuwa namba moja.

Katika matoleo ya zamani ya GIMP ndivyo kichujio kilivyofanya kazi: kilikokotoa namba mpya na kuziandika juu ya zile za zamani. Ungeweza kutendua hatua zako wakati faili bado liko wazi. Ukishahifadhi na kufunga, kumbukumbu ya hatua zako ilipotea. Wahariri waangalifu walijikinga kwa kutengeneza kwanza nakala ya tabaka na kufanya kazi juu ya nakala. Wenye haraka hawakufanya hivyo.

Katika toleo la 3.0 kichujio kinabaki kuwa kitu tofauti, kilichofungamanishwa na tabaka. Pembeni ya jina la tabaka kuna alama ndogo ya Fx. Ukiibonyeza unaona orodha ya kila ulichokifanya: hapa niliongeza mwanga, hapa nilirekebisha rangi, hapa nilinoa. Unaweza kuzima kichujio kimoja na kuona picha ilivyokuwa bila hicho. Unaweza kubadilisha kiwango chake, kukihamisha juu au chini ya kingine, au kukiondoa kabisa. Ukihifadhi kazi katika faili la GIMP lenyewe, yaani XCF, ukalifungua baada ya mwezi mmoja, vichujio bado vipo, na chini yake pikseli za mwanzo ziko salama pamoja na mikunjo yote ya alba.

Haki itendeke: GIMP si ya kwanza kufika hapa. Photoshop ilikuwa na matabaka ya marekebisho tangu toleo lake la 4.0 mwaka 1996, na ikaleta vichujio vya namna hii katika toleo la CS3 mwaka 2007. Lakini Photoshop ya leo ni ya kulipia kila mwezi, na parokia inayochangisha fedha za bati haitaanza kulipia programu ya picha. Jambo jipya ni kwamba uwezo huu sasa uko katika programu ambayo katekista mwenye kompyuta ya mitumba anaweza kuwa nayo kihalali.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwanafalsafa

Aristotle alifundisha kwamba katika kila badiliko kuna kitu kinachobaki. Mtu asiyejua kusoma anapojifunza kusoma, mtu ni yuleyule; lililobadilika ni hali yake. Pasipo kitu kinachodumu chini ya badiliko, hatuwezi hata kusema kwamba kitu kimebadilika. Tungesema tu kwamba kimoja kimetoweka na kingine kimetokea. Kila mfano una kikomo chake, na pikseli si nafsi. Hata hivyo mpangilio mpya wa GIMP unafuata akili hiyohiyo. Chini kuna kilichopokelewa, juu yake kuna tulichofanya, na mpaka kati ya hivyo viwili unaonekana.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu kilivyo. Picha haina akili, lakini anayeionyesha anayo, na kwa kuionyesha anatoa kauli: hawa walikuwepo, hili lilitokea, jengo limefikia hapa. Katika sehemu ya pili ya Summa yake, baada ya kuzungumzia uongo wa maneno, Tomaso anaendelea na uongo wa matendo. Kwake si maneno peke yake yanayobeba maana. Matendo na ishara nazo hubeba, na kwa hizo pia mtu anaweza kudanganya. Asingeshangaa sana kusikia habari za picha zetu.

Tomaso huyohuyo si mkali kupita kiasi. Anapojadili watu kujipaka rangi usoni, anatofautisha mambo mawili: kujitengenezea uzuri ambao mtu hana, na kuficha kasoro iliyoletwa na ugonjwa au sababu kama hiyo. La pili analiona halali. Hapo tumepewa kipimo kinachofaa mpaka leo. Kumwondolea bibi arusi chunusi iliyotoka usiku wa kuamkia harusi si uongo. Kumpunguzia mtu nusu ya mwili wake, au kuweka umati wa waamini mahali palipokuwa na viti vitupu, ni kitu kingine.

Zana za kufuta

Tugeukie upande wa pili. Mwezi Oktoba 2021 Google ilileta katika simu za Pixel 6 zana ya kufuta watu na vitu kwenye picha. Mwaka 2023 ikafuata zana yenye nguvu zaidi, inayosogeza watu, kubadilisha anga na kujaza palipo wazi kwa msaada wa akili mnemba. Mwaka 2024 zana hizo zilifunguliwa kwa watumiaji wengine wa Google Photos. Photoshop nayo mwaka 2023 ilipata uwezo wa kujaza sehemu ya picha kwa kuandikiwa maneno tu.

Wengi wanafikiri kwamba ukimfuta mtu, programu inakuonyesha kilichokuwa nyuma yake. Haiwezi. Kamera haikukiona kilichokuwa nyuma yake, na hakuna namba iliyohifadhiwa kukihusu. Programu inakisia kutokana na pikseli za jirani na kutokana na mamilioni ya picha nyingine iliyofundishwa nazo. Ukuta unaouona mahali alipokuwa mtu ni ukuta wa kubuniwa. Huenda nyuma yake palikuwa na mlango. Kwa hiyo kufuta ni kuongeza: kila mtu tunayemwondoa tunaweka mahali pake kitu ambacho hakikuwepo.

Swali la maadili halijaisha hapo. Ni nani anayefutwa? Kwa kawaida ni yule anayesemwa kuwa "ameharibu picha": mtoto aliyejipenyeza pembeni, mama wa jikoni aliyepita na sinia, dereva wa gari la parokia, mzee aliyekaa vibaya, katekista aliyekuwa akihangaika na kipaza sauti. Askofu hafutwi, wala mfadhili. Zana hii inapotumika bila kufikiri, inakuwa orodha ya siri ya watu tunaowaona hawana maana. Wafuasi wa Bwana tunapaswa kuwa wa mwisho kutunga orodha ya namna hiyo.

Tena anayeonekana hana maana leo anaweza kuwa ndiye anayetafutwa kesho. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa alifanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa daraja hilo. Mtafiti anayetafuta leo picha za miaka ile hatosheki kumtazama kardinali pekee, maana sura yake inajulikana. Anataka kujua nani alisimama nyuma, nani alibeba msalaba, nani alikuwa mwanakwaya. Historia ya Kanisa letu iko pembezoni mwa picha za zamani, na pembezoni ndipo zana za kufuta zinapoanzia kazi.

Wapo watakaosema

Wapo watakaosema kwamba picha zimebadilishwa tangu zamani, kwa hiyo hakuna jipya. Ni kweli kwamba kazi hii ni ya zamani. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Stalin, alionekana katika picha karibu na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Baada ya kuuawa mwaka 1940 aliondolewa, na mahali pake pakawa maji matupu. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshe kwenye jalada. Lakini mifano hii inatuunga mkono. Kilichowezekana zamani kwa serikali na majarida makubwa sasa kinawezekana kwa kila mwenye simu, na wajibu uliokuwa wa wachache umekuwa wa wote. Mwaka 2014 shirika la habari la Associated Press lilivunja uhusiano na mpiga picha wake kwa sababu alifuta kamera ya video ya mwenzake kwenye pembe ya picha moja iliyopigwa Syria. Kamera ile haikubadilisha habari ya vita. Shirika liliona kwamba imani ya wasomaji ikivunjika kwa dogo, itavunjika kwa makubwa.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila mtu anajua kuwa picha huhaririwa, kwa hiyo hakuna anayedanganywa. Hatukubali. Mwezi Machi 2023 picha ya Papa Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe la baridi ilizunguka dunia nzima, na wengi waliiamini, ingawa ilikuwa imetengenezwa kwa programu ya Midjourney. Papa mwenyewe, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani mwaka 2024, alitaja kwamba naye aliwahi kutumiwa katika picha za bandia. Kama watu wa miji mikubwa walidanganyika, tusimtarajie bibi yetu kijijini, anayepokea picha ya kanisa jipya kutoka kwa mjukuu wake, awe mtaalamu wa kuchunguza vivuli.

Na tuseme kweli kila mtu angejua. Hasara ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu picha ya kweli nayo ingekosa nguvu. Mnyonge anayeonyesha picha ya shamba lake lililovamiwa angejibiwa kwamba hiyo ni ya kompyuta. Picha za uongo zikizoeleka, anayenufaika ni mwenye kosa, maana amepata kisingizio kilicho tayari.

Wapo pia watakaotukumbusha kwamba simu nyingi huhifadhi picha ya asili pembeni ya ile iliyohaririwa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kuwa na picha mbili si sawa na kuwa na kumbukumbu ya kazi. Ukiziweka picha mbili pamoja, unabaki kutafuta tofauti kama katika mchezo wa watoto. Orodha ya vichujio inakuambia lipi lilifanyika na kwa kiwango gani, na kila jambo linaweza kuzimwa peke yake. Anayeungama vizuri hasemi tu kwamba amebadilika, anataja alichofanya.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la vitendo. Faili la XCF ni kubwa kuliko JPEG, na kompyuta nyingi tulizo nazo zina diski ndogo. Vichujio vinavyokokotolewa upya vinaweza kuchelewesha mashine ya zamani. Hatuipuuzi hoja hii. Jibu letu ni kwamba si kila picha ya chai ya mapumziko inahitaji kutunzwa hivyo. Zinazohitaji ni zile zitakazochapishwa kwa jina la Kanisa na zile zitakazowekwa kwenye kumbukumbu. Hizo si nyingi kama tunavyofikiri.

Programu haitoshi

Tungemdanganya msomaji kama tungesema kwamba GIMP 3.0 inamfanya mtu kuwa mkweli. Kwanza, si kila kazi inakaa kando. Vichujio ndiyo, lakini brashi, muhuri wa kunakili na zana ya kuponya bado vinaandika moja kwa moja juu ya pikseli za tabaka unalofanyia kazi. Hizi ndizo hasa zana za kuondolea watu na vitu. Anayezitumia afungue kwanza tabaka tupu juu ya picha, achague mpangilio wa zana unaosoma matabaka yote yanayoonekana, kisha aandike kwenye lile tupu. Hapo hata kazi ya brashi itaweza kuzimwa. Programu imefungua mlango. Kuupitia ni kazi ya mtu.

Pili, kumbukumbu hii haimfikii msomaji. Tunapotoa picha kuwa JPEG ili tuitume, matabaka na vichujio vyote vinabanwa kuwa picha moja bapa. Mhariri anajua alichofanya. Mwamini anayepokea picha kwa WhatsApp hajui. Tangu mwaka 2021 kampuni kadhaa kubwa zimeungana katika mpango uitwao C2PA, wa kuambatisha kwenye faili maelezo ya picha ilikotoka na ilivyobadilishwa. Ni hatua njema, lakini maelezo ya namna hiyo huweza kuondolewa faili linapopita mikononi mwa watu. Kwa hiyo maelezo ya chini ya picha, yaliyoandikwa kwa maneno ya kawaida, bado hayajapata mbadala.

Tatu, kuna mahali ambapo kukumbuka ni hatari. Tukitia ukungu kwenye uso wa mtoto aliyedhulumiwa, au wa mgonjwa asiyetaka kutambulikana, ukungu ule katika faili la XCF ni kichujio tu. Atakayepewa faili hilo atakizima na kuuona uso. Picha ya namna hii itoke nje ikiwa JPEG peke yake, na faili la kazi libaki kwa mwenye dhamana, au lisiwepo kabisa. Ukweli hautudai tumwambie kila mtu kila kitu. Katekisimu yenyewe inafundisha kwamba haki ya kujua ukweli haimfungui kila mtu kila mlango, na kwamba heshima ya mtu na siri yake ni sababu halali za kunyamaza. Kunyamaza si kudanganya. Uso wenye ukungu unasema wazi kwamba kuna kilichofichwa. Uso wa kubuniwa unasema kwamba hakuna.

Tunachopendekeza

Kwa wenzetu wa seminari na kwa ndugu wanaoshughulikia mawasiliano maparokiani na majimboni, tunaomba mambo matano yafikiriwe.

1. Picha ya asili itunzwe kwenye folda yake bila kuguswa, pamoja na tarehe, mahali na majina ya wote wanaoonekana, wakiwemo wa pembeni. Majina yaandikwe mapema, kabla wanaoyajua hawajahamishwa au kufariki.

2. Kazi ya kuhariri ifanyike kwa vichujio na matabaka tofauti, ihifadhiwe katika XCF, kisha itolewe JPEG kwa matumizi ya kila siku.

3. Kurekebisha mwanga, kunyoosha picha, kuondoa vumbi la lenzi na kukata pembezoni kwa kiasi kisichobadilisha habari, hayo yafanyike bila maelezo. Kuficha uso au kuondoa kitu, hayo yatajwe chini ya picha.

4. Kuongeza au kuondoa mtu katika picha ya tukio, kuongeza umati, au kulionyesha jengo kana kwamba limefika hatua ambayo halijafika, hayo yasifanyike kabisa. Mfadhili anayeonyeshwa ukuta usiokuwepo ameombwa fedha kwa uongo, hata kama fedha itajenga ukuta wa kweli. Picha iliyobuniwa na akili mnemba kwa ajili ya bango iitwe mchoro, isiitwe picha.

5. Mwenye sura aulizwe. Marehemu ambaye picha yake ya kitambulisho inakuzwa kwa ajili ya mazishi hawezi kuulizwa, lakini familia yake inaweza. Wengine watapenda aonekane kijana. Wengine watasema, tuachieni mikunjo yake ya uso, ndiyo tuliyoizoea.

Papa Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025, aliwaambia makardinali kwamba akili mnemba ni mojawapo ya maswali makubwa ambayo Kanisa la nyakati zetu linapaswa kuyakabili, kama vile Papa Leo XIII alivyokabili swali la viwanda na wafanyakazi. Swali hilo halitajibiwa Roma peke yake. Litajibiwa pia katika chumba kidogo chenye kompyuta moja, jioni kabla ya gazeti la parokia kuchapwa, na kijana fulani aliyeambiwa "ipendezeshe kidogo hiyo picha".

Sisi tunaosoma leo ili kesho tutumwe kwa watu tutaaminiwa na waamini katika mambo wasiyoweza kuyaona wala kuyapima. Watatuamini katika makubwa kama wametukuta wakweli katika madogo wanayoweza kuyapima, na picha ni mojawapo ya madogo hayo. Kwa hiyo anayetunza picha za jumuiya yake, aipakue programu hii, afungue picha moja ya sherehe iliyopita, aongeze mwanga kwa kichujio, akizime, akiwashe tena, na atazame kinachobaki chini. Halafu, kabla hajafunga, aandike jina la yule mtoto wa pembeni.